Mstari wa Pili

Dada yangu anauza dawa. Si daktari, si nesi, ila mtaani wanamwita Dokta wa Dirishani, kwa sababu duka lake lina dirisha lenye nondo na yeye humsikiliza mtu kupitia hapo, anakohoa vipi, anawashwa wapi, kisha anageukia rafu na kuchomoa dawa bila hata kutafuta. Nusu ya wasichana wa mtaa wetu wamejua kuwa wana mimba wakiwa wamesimama mbele ya nondo zile. Anawauzia kile kijiti cha kupimia mkojo, wanaenda chooni nyuma ya duka, wanarudi nacho. Mstari mmoja, nenda salama. Mistari miwili, ingia ndani tuongee. Na msichana akianza kulia na kuapa kwamba haiwezekani, dada ana jibu lake lilelile: "Mwanangu, mtu hudanganya. Kipimo hakidanganyi."

Nimeisikia kauli hiyo mpaka nimeichoka. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko ng'ambo ya barabara, nikiinua kichwa namwona. Kwa hiyo mjue tangu mwanzo kwamba alipompima binti yake mwenyewe hakuwa anabahatisha. Alikuwa kazini kwake.

Binti tunamwita Chiriku. Jina nilimpa mimi, maana alianza kusema kabla hajajua kutembea na tangu hapo hakupumzika. Ana miaka kumi na mitatu. Akitoka shule alikuwa anapitia kibandani kunisimulia siku nzima, mwalimu kasema nini, nani kaanguka mbele za watu, nani kamnunia nani, na mimi mguu uko kwenye pedali naitikia tu, "ehe, ehe." Siku nyingine nachoka namwambia, "We mtoto, funga hilo bomba!" Anacheka, anaendelea.

Tumbo lilianza kujaa polepole. Dada akadhani minyoo, akampa dawa ya minyoo. Akadhani gesi, akampa dawa ya gesi. Rafu si ilikuwa karibu? Ilipofika mahali sketi ya shule haifungi, nikaletewa niitanue. Nikaitanua. Haukupita muda ikarudi tena, na safari hii dada ndiye aliyeileta. Alisimama kibandani ameishika kiunoni, anaivuta huku na huku, halafu nikaona uso wake unabadilika. Alivuka barabara kwenda kuchukua kijiti.

Mistari miwili.

Akafungua cha kampuni nyingine. Miwili. Akangoja kesho yake, maana mkojo wa asubuhi ndio wenyewe, yeye ndiye huwafundisha watu hivyo, akapima mara ya tatu. Miwili, na wa pili umekolea kuliko wa kwanza.

Jamani, siwafichi, dada yangu alipiga. Alimpiga mtoto kwa mkanda wa baba yake huku anauliza neno moja tu: "Nani?" Shemeji alikaa sebuleni ameshika kichwa, hakuinuka. Na Chiriku analia, "Mama, haki ya Mungu sijaguswa na mtu!" Na dada anajibu kilekile anachowajibu wasichana wa dirishani. Kipimo hakidanganyi.

Ikawa kila jioni ni hivyo. Nani? Nani? Mwisho mtoto akaacha kujibu, kisha akaacha kusema kabisa. Chiriku yule yule wa kufungwa bomba akawa anashinda kwenye kochi anatazama vidole vyake vya miguu. Shule wakamwachisha ili watu wasione, na watu walishaona kitambo. Majirani wakawa wanakuja kibandani kwangu na vitambaa ambavyo hawana haja ya kushona, wananong'ona, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nikawaambia wanaotaka habari wakanunue redio, hapa tunashona nguo.

Shemeji akatamka kwamba hawezi kula meza moja na aibu ile. Nikasema basi nileteeni mimi. Sina mume, sina mtoto, nina cherehani na chumba nyuma ya kibanda, na kitanda kinachotosha watu wawili wembamba, japo mwembamba kati yetu ni mmoja. Chiriku alikuja na mfuko wake wa nguo. Alipokanyaga mlangoni tu akasema maneno ya kwanza baada ya siku nyingi: "Mama mdogo, mimi sina mimba."

"Sawa, mwanangu," nikamjibu. "Hapa hakuna anayekuuliza."

Nikajiona mtu mwema. Kumbe mtoto alikuwa anatafuta mtu mmoja tu duniani wa kumwambia nakuamini, na mimi nikamwonyesha pa kulala. Kimoyomoyo nilishakubali kama wengine. Nilikuwa nimeshaanza hata kushona, vishati vidogo, soksi, na blanketi la flana ya njano nililolizungushia utepe. Nilijiambia mimba si mwisho wa dunia. Chiriku alinitazama naupigia pasi ule utepe, akageukia ukutani.

Usiku alikuwa anagumia. Nikimuuliza anasema panauma upande, hapa, chini. Namwambia vumilia, ndivyo ilivyo. Mimi niliyajulia wapi? Sijawahi kubeba mimba hata ya kuota.

Asubuhi moja nilikuwa napiga pasi suruali ya mteja, nikasikia kishindo chumbani. Nikamkuta sakafuni amejikunja, jasho linamtoka, midomo imepauka, tumbo gumu kama ubao. Nilipiga ukelele nikatoka mbio hadi katikati ya barabara. Gari la kwanza kupita lilikuwa la kusambaza mikate, dereva akataka kuleta maswali, nikamwambia ama anatubeba ama ananikanyaga, achague. Akatubeba. Pasi niliiacha juu ya suruali ya watu, ikatoboa mguu mzima.

Hospitali nesi wa mapokezi akauliza, "Mimba ya miezi mingapi?" Nikasema minne, labda mitano. Wakatupeleka upande wa wazazi. Wakamlaza kwenye kitanda cha ultrasaundi, kijana mmoja mpole akampaka ule ute wa baridi tumboni, akaanza kuzungusha mashine yake. Akazungusha. Akatoka, akarudi na mwenzake, wakatazama wote wawili.

"Mama, nani kakwambia huyu ni mjamzito?"

"Kipimo."

"Humu hamna mtoto."

Nikashika ukingo wa kitanda. "Amekufa?"

"Hajawahi kuwepo, mama. Kizazi chenyewe hiki hapa, kitupu, kidogo, cha mtoto tu. Hiki kikubwa ni uvimbe."

Chiriku alikuwa amelala pale na machozi yanaingia masikioni. Hakufurahi, hakukasirika. Alisema kwa sauti ya chini, "Nilisema." Mungu wangu, ningemezwa na ardhi muda ule ningeshukuru.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mfupi, anasema haraka, anatembea haraka, miguuni ana kandambili za plastiki. Alimtoa Chiriku damu vichupa kadhaa, akampiga picha ya kifua, akaagiza mama mzazi aitwe. Dada alifika na koti lake jeupe la dukani, na mtajua alianza na nini. Alianza na kubisha.

"Daktari, nimempima mwenyewe. Mara tatu. Kampuni mbili tofauti."

"Ulipima vizuri," daktari akasema. "Kijiti chako hakimwoni mtoto, dada. Kinanusa homoni tu. Msichana anazaliwa na seli ambazo kazi yake ni kuja kuwa mayai. Mara chache sana seli hizo zinaharibika zikaota uvimbe kwenye ovari, na uvimbe mwingine unatoa homoni ileile ya mimba. Watoto na wasichana wadogo ndio hasa unaowapata. Binti yako anayo homoni hiyo, na nyingi mno. Uvimbe umejisokota, ndiyo maana kaanguka. Na kwenye mapafu kuna vidoa."

"Vidoa vya nini?"

"Vya hukohuko. Uvimbe umeshasafiri. Ni saratani."

Dada alikaa kwenye benchi. Mkono wake ulikuwa mfukoni mwa koti, na nilijua ameshika nini humo, maana vijiti havikosekani mle.

"Angeletwa mapema..." akaanza kuuliza.

"Tusiende huko sasa," daktari akamkata. "Sikilizeni. Aina hii inasikia dawa. Hata ikifika mapafuni, wengi wanapona. Leo namfungua, natoa ovari iliyoumwa. Baadaye dawa za dripu, mzunguko baada ya mzunguko, zikausake uliobaki. Kizazi namwachia, na ovari ya pili kama ni nzima namwachia."

Hapo dada akainuka kama mtu aliyepagawa. "Usimwachie! Toa vyote! Kizazi toa, ovari toa, safisha kabisa, mimi nataka mtoto wangu tu!"

"Kutoa vyote hakumponyi zaidi. Dawa ndizo..."

"Mimi ni mama yake! Nasema toa!"

Na mimi, mnanijua, ulimi wangu hauna breki. "We dada!" nikamwambia mbele ya wagonjwa wa watu. "Umempiga kwa mimba ambayo haikuwepo. Sasa unataka kumnyima na ile itakayokuja?"

Dada akaanguka mikononi mwangu akalia kilio ambacho sijawahi kumsikia nacho, hata tulipomzika mama yetu. Akakubali.

Walitoa kitu kikubwa kuliko nazi. Ovari ya pili ilikuwa salama. Chiriku alipozinduka, dada alikuwa ameinama juu ya kitanda, anampangusa uso kwa leso yenye maji. Mtoto alimtazama, akafumba macho. Siku zote zile za wodini aliongea na manesi, aliongea na mfagiaji, aliongea na mimi. Na mama yake hakuongea, alimwangalia tu. Watu husema majuto ni mjukuu. Basi dada yangu, mjukuu aliyemngoja kwa mkanda ndiye huyo aliyempata.

Siku moja nikawasikia, nilikuwa mlangoni na chupa ya uji.

"Mwanangu, nifanye nini? Sema chochote nitafanya."

"Ungeniamini."

"Nakuamini. Nakuamini, mama'ngu."

"Sasa hivi kila mtu ananiamini," Chiriku akasema. "Wameniona ndani."

Kemo, hizo dawa za dripu za saratani, mimi nilidhani ni neno la magazetini. Nilikuwa sijui kwamba ni mtoto kutapika mpaka anatapika hewa, kwamba ni vidonda mdomoni hadi maji yanachoma, kwamba ni kuamka na kukuta nywele zimebaki kwenye mto. Kichwa kikawa kinasikia baridi. Nikalichukua lile blanketi la njano, nikalifumua utepe, nikamkatia kofia. Alijua limetoka wapi. Aliivaa hadi masikioni akaniuliza, "Zimebaki flana za soksi?" Nikacheka na kulia kwa pamoja, nikakimbilia nje.

Dada alifunga duka. Kati ya mzunguko na mzunguko Chiriku alikuwa kwangu, hakutaka kurudi kwao, na dada akahamia sakafuni kwenye mkeka, karibu na miguu ya kitanda. Shemeji alikuwa anakuja jioni, anakaa kwenye kiti cha wateja, anakunja na kukunjua kofia yake, anaondoka. Aibu ilikuwa imehama mtu.

Hospitali walikuwa wanapima ile homoni kwenye damu. Ilikuwa juu sana, ikaanza kushuka. Daktari akatwambia ikifika chini na ikakaa chini, ndipo tutapumua. "Ikipanda tena," akasema, "msingoje tarehe ya kliniki. Mje siku hiyohiyo. Kuna dawa nyingine, ila hazipendi kucheleweshewa." Na akamgeukia dada, maana alishamjua: "Na vile vijiti, achana navyo. Si vya kazi hii."

Aachane navyo? Ng'o. Kila asubuhi alimpa mtoto kikopo, akatumbukiza kijiti, akakilaza kwenye meza ya cherehani, akasimama juu yake ameshika kifua. Mistari miwili. Miwili. Kisha ule wa pili ukaanza kupauka, kidogokidogo, kama rangi ya kitambaa kibovu kinavyochuja. Nikimwambia dada, daktari amekataza, ananiambia nyamaza, nasoma.

Na Chiriku, huyo mtoto mimi simwelewi, kijiti hicho ndicho kilichomrudisha kwa mama yake. Asubuhi moja akanyanyua shingo kutoka kitandani akauliza, "Dokta wa Dirishani, mgonjwa wako leo anaendeleaje?" Dada akageuka kama aliyemwagiwa maji. Lilikuwa neno la kwanza la utani kwa mama yake tangu siku ya mkanda. "Anaendelea vizuri, mama," akajibu. Baada ya hapo ikawa ndiyo salamu yao.

Dripu ya mwisho ilipokwisha, mstari ulikuwa mmoja. Na damu ya hospitali ikasema hivyohivyo. Nywele zikaanza kuota, laini, za kitoto. Bomba likafunguka, mtoto anasema kutwa, anawapigia kelele wateja wangu, na mimi sikuthubutu kumwambia afunge. Nikamshonea sketi mpya ya shule, nikaipunguza kiuno mara mbili. Ilikuwa inaning'inia kwenye msumari, inangoja muhula kufunguliwa.

Sasa leo.

Leo asubuhi dada alitumbukiza kijiti kama kawaida, akakilaza mezani, akainama. Nilikuwa naweka uzi kwenye sindano. Nikamwona anakichukua haraka anakitia mfukoni.

"Mgonjwa anaendeleaje?" Chiriku akauliza kutoka kitandani.

"Vizuri. Mmoja."

Mtoto akakaa. "Nionyeshe."

"Nimeshakitupa."

"Mama."

Dada hakumtazama. Alitoa kingine kwenye boksi, karatasi haichaniki, akaichana kwa meno. Akatumbukiza. Tukangoja watatu. Akafungua cha kampuni nyingine, akatumbukiza na hicho. Nilisogea nikaona. Mstari wa kwanza, na pembeni yake mwembamba, wa waridi, hauna haya.

"Vibovu hivi," dada akasema. "Boksi limekaa joto. Tutapima tena kesho. Kesho kutwa. Tusimtie mtoto hofu bure." Akanigeukia, ameniganda mkono, kucha zinaniingia. "Mdogo wangu, mwambie. Daktari si alisema mwenyewe? Si alisema vijiti hivi si vya kuamini? Vinadanganya hivi! Wewe si shahidi? Si vilishanidanganya?"

Nikautua uzi na sindano mezani.

Chiriku akashuka kitandani. Akamwingiza mama yake mkono mfukoni, taratibu, akakitoa kile cha kwanza. Akavipanga vyote vitatu kwenye meza ya cherehani, akaviangalia kimoja kimoja kama anayesoma somo.

"Havidanganyi, mama," akasema. "Hata mara ile havikudanganya. Vilikuwa vinakwambia naumwa."

Dada akapiga magoti palepale sakafuni. Alikumbatia miguu ya mtoto, akawa anasema maneno yasiyo na mpangilio, Mungu, na mwanangu, na hapana, na kesho. Chiriku akachukua kofia ya njano kwenye msumari, ile iliyoning'inia pamoja na sketi, akaivaa juu ya nywele zake mpya. Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda, akamnyooshea mama yake mguu.

"Nivishe viatu, twende. Daktari alisema siku hiyohiyo."

Dada akashika kiatu. Kamba hazikufungika, anafunga zinafumuka, mpaka nikainama nikamfungia mimi. Na mtoto alipotuona tumeinama wote wawili pale miguuni kwake, ndipo alipomshika mama yake bega.

"Mama," akasema, "kifua kinanibana. Tangu juzi. Niliogopa kusema, nilidhani labda ni..."

"Nakuamini," dada akasema, kabla mtoto hajamaliza.